Njia ya Halali ya Kumpiga Mwalimu

Ndoo ilipigwa usoni tena. Yotham akaiinua, akaipangusa vumbi, akairudisha juu ya mti uliosimikwa mchangani, kwa heshima zote. Ilikuwa ndoo ya kawaida ya kuchotea maji bwenini, ila ilichorwa kwa mkaa macho, masharubu na pua. Ilikuwa Mwalimu Suleiman.

Katika shule ile ya bweni, nje kidogo ya Chamwino, palikuwa na njia moja tu ya halali ya kumpiga mwalimu wa nidhamu usoni huku mkuu wa shule akitazama na wazazi wakishangilia. Njia hiyo ni mpira wa wavu. Kila mwaka, siku ya mahafali ya kidato cha nne, wahitimu walicheza na walimu, na yaliyotokea wavuni hayakupelekwa ofisini.

Yotham alikuwa mhitimu mwenye dai. Muhula uliopita Mwalimu Suleiman alimkuta na nywele ndefu, akampitisha mkasi kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, mstari mmoja ulionyooka, kisha akamsimamisha hivyo hivyo mbele ya paredi. Tangu siku hiyo shule nzima, mpaka wapishi, ilimwita Barabara. Nywele ziliota, haya ikaisha. Jina likabaki. Mahafali yakipita bila malipizi, angelibeba mpaka uzeeni.

Shida ni kwamba hakujua kupiga smashi. Mwalimu Suleiman alijua sana. Kila Jumamosi, iwe mvua iwe vumbi, alikuwa uwanjani mjini na timu yake.

Ndipo Yotham, akichota mchanga wa adhabu korongoni, alipomkuta Shamimu. Alikuwa dada mwenye kanga kiunoni juu ya traksuti, akiupiga mpira mwambani peke yake, kwa hasira ambayo mwamba haukustahili.

"Shikamoo, dada. Nifundishe."

"Marahaba. Nikufundishe ili umpige nani?"

"Mwalimu Suleiman."

Shamimu aliushika mpira, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Vua viatu," akasema.

Kuanzia hapo, kila saa ya michezo, Yotham alikwenda korongoni na Obedi, jirani yake wa kitanda, ambaye kazi yake ilikuwa kunyanyua mpira na kuogopa.

"Unaukimbilia kama foleni ya ugali!" Shamimu alifoka. "Uache upande juu kwanza, ndipo uanze kukimbia. Ruka kwa miguu yote miwili. Tanua kiganja, uufunike mpira kwa juu, halafu kunja kifundo. Unapiga mpira, Barabara, huui mbu."

Yotham aliruka, akapiga hewa, akala mchanga. Aliruka tena.

Ndoo ilipoletwa, Shamimu aliikagua, akasikitika, akachukua mkaa.

"Pua yake haiko hivi. Ina kinundu hapa katikati." Akachora kinundu. Kisha, chini kabisa, mahali ambapo kola ya shati hufunika, akaweka kidoti cheusi.

Yotham hakuwahi kukiona kidoti hicho kwa miaka yote minne. Alidhani ni mapambo.

"Akiruka kuzuia, hufumba macho," Shamimu aliendelea. "Akichoka, bega la kushoto linashuka. Subiri bega."

"Dada, kwani wewe ni wa wapi?" Obedi aliuliza.

"Mgeni. Sina hata muda mrefu hapa."

"Umekuja kufanya nini?"

"Hata mimi najiuliza."

Yotham akajitia ujasiri. "Na wewe alikuchapa?"

"Angenichapa ingekuwa nafuu. Ruka!"

Wakirudi bwenini, Obedi alinong'ona, "Mwanangu, yule dada anamchukia Sule kuliko sisi tuliokula fimbo zake."

Mahafali yalikuwa Ijumaa. Mwalimu Suleiman aliingia uwanjani na bukta inayong'aa, akasimama wavuni uso kwa uso na Yotham.

"Karibu, Barabara! Leo nakuwekea lami."

Wazazi walicheka. Yotham alipopiga smashi ya kwanza, mpira ulikwenda kutua kwenye sahani ya pilau ya mgeni rasmi. Wakacheka zaidi. Ya pili ikaishia wavuni. Mama yake mwenyewe akainamisha kichwa.

Walimu walikuwa wakiongoza, na jua lilianza kumchosha kila mtu. Obedi akaunyanyua mpira, juu kabisa. Yotham hakuukimbilia. Aliusubiri upande juu kwanza. Ng'ambo ya wavu, bega la kushoto likashuka.

Akakimbia, akaruka, akatanua kiganja.

Mwalimu Suleiman naye aliruka, macho yamefumbwa kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayeombewa. Mpira ulimkuta katikati ya pua. Aliketi chini. Kisha akafikiria, akalala kabisa.

Uwanja ukalipuka. Hata mkuu wa shule alianza kupiga makofi kabla hajakumbuka cheo chake. Wahitimu walimbeba Yotham juu juu wakiliimba jina lake, lile alilopewa na wazazi.

Kutoka huko juu mabegani alimtafuta Shamimu amwonyeshe dole gumba. Hakuwa kwenye umati. Alikuwa katikati ya uwanja, amevaa gauni la safari, amepiga magoti, kichwa cha Mwalimu Suleiman kimelala mapajani mwake.

"Pole, mume wangu," alimwambia kwa huruma nyingi, akimfuta pua iliyovimba kama kitumbua. "Basi kesho Jumamosi huchezi. Mabegi nimeshapanga, na tiketi za Kondoa ninazo. Tangu harusi mama anauliza mkwe wake atakwenda lini kumsalimia."