Mara ya Kumi na Tano

Kwa siku tisa Nyamizi alijifungia katika chumba cha chini cha maabara, akipima muda ambao viini vya atomi visivyo imara huchukua kabla ya kuvunjika na kutoa elektroni. Kila mara alipata jibu lile lile, nalo lilipingana na namba iliyompa heshima mwalimu wake, Profesa Mashimba, miaka thelathini iliyopita. Bila sahihi ya mzee huyo, asingepata shahada.

“Rudia,” Profesa alisema alipoingia chumbani, bila kuitazama karatasi ya matokeo.

“Nimerudia mara kumi na nne, Mwalimu.”

“Basi umekosea mara kumi na nne.”

Kama Nyamizi angefuta vipimo vichache tu, angetoka humo jioni hiyo hiyo.

“Siwezi kulibadilisha jibu,” alisema. “Ukikataa kutia sahihi, nitarudi nyumbani mikono mitupu.”

Mzee akavua koti, akaketi kwenye kiti cha Nyamizi, akaiwasha mashine mwenyewe. Namba zilipoanza kupita kwenye skrini, akafumba macho.

“Nisomee, mwanangu,” alisema. “Polepole.”