Sufuria la Mtaa

Bi Mgeni alikuwa uani akisugua kwa majivu sufuria kubwa la mtaa, lile linaloazimwa kwa misiba tu, mlango ulipofunguliwa. Akaingia mumewe, Mzee Machano, kwa magongo, mguu umefungwa bandeji.

Wiki iliyopita, kabla hajapasuliwa mshipa wa mguu, walimpima moyo. Daktari akaitazama karatasi ya mistari, akasema wenye moyo kama ule, katika kumi hurudi nyumbani wanne. Bi Mgeni akavihesabu vidole vyake, akazima simu asisikie habari, akawahi sufuria kabla wengine hawajalichukua.

"Nimekupigia siku mbili," alisema mzee. Kisha akaliona sufuria, akamgeukia mkewe. "Mama Hidaya, nani kafa?"

Bi Mgeni akajifuta majivu usoni, kumbe anajipaka.

Mzee akaelewa. "Ulinipangia watu wangapi?"

"Mia," alijibu, macho chini.

"Mia tu? Wale niliogombana nao hukuwaweka?"

Bi Mgeni hakuweza kucheka. Na sufuria lile, likishatoka, halirudishwi bila kupikiwa. Akalibandika motoni, akatia mchele wa watu wawili. Punje zikatawanyika, hazikutosha hata kulifunika kitako.