Kitunguu cha Mtaa Mzima

Gari la halmashauri lilikuwa linaondoka na watoto wa jirani, wakalelewe kituoni hadi bei za vyakula zishuke, Tunu alipopokea kikaango dirishani.

“Harakisha, shoga, kinapoa!” alihimiza Sikudhani wa nyumba ya pili.

Katika kila jiko ilitundikwa pua ya umeme ya halmashauri. Isiponusa chakula siku mbili, gari la “msaada wa mapema” hubisha hodi kuchukua watoto. Basi mtaa mzima ulizungusha kitunguu kimoja cha kukaanga. Tunu akakipitisha kikaango chini ya pua. Taa ya pua ikabaki nyekundu.

“Mama, imekijua,” alisema bintiye, Zawena. “Ni kile kile cha jana.”

Nje, gari likarudi kinyumenyume.

Baadaye Sikudhani alihama. Zawena yuko kituoni, amenenepa. Tunu hupika kila siku chakula cha mtu mmoja, kinamtosha, na taa yake ni ya kijani.