Mlango wa Buluu

Picha pekee ya Zuwena ililiwa na mchwa, nao walianzia usoni. Kwa hiyo mdogo wake, Bi Shemsa, aliposikia kuwa studio ya zamani inabomolewa, alijikokota mpaka pale kuomba lile pazia walilopigiwa picha mbele yake utotoni. Lilichorwa kijiji cha Uingereza, chenye daraja la mawe na kijumba cha mlango wa buluu.

"Umechelewa, bibi," alisema Hamdani, msimamizi wa mafundi. "Tumelichoma asubuhi. Kimebaki kipande hicho tulichofunikia saruji."

Alikikung'uta vumbi, akakishikiza ukutani ili bibi asipate taabu ya kuinama.

Kilikuwa ni kile kijumba. Mlangoni palikuwa na alama nyekundu ya kiganja kidogo. Walipelekwa studio mkesha wa Idi, hina ya Zuwena ikiwa bado mbichi, naye akapiga hodi kwenye ule mlango wa rangi. Mpiga picha hakumgombeza. Alizunguka nyuma ya pazia akaitikia, "Karibu, mama!" Shemsa alicheka hata ikabidi wapigwe upya. Kabla ya Idi nyingine, surua ilikuwa imeshamchukua Zuwena.

Bi Shemsa aliweka kiganja chake juu ya kile kidogo.

"Hodi," alisema.

Nyundo ziliendelea kugonga. Akasogeza sikio kwenye kitambaa.

"Hodi, wenyewe."

Hamdani alimtazama, kisha akawainulia mafundi mkono. Nyundo zikanyamaza, moja baada ya nyingine.