Nusu Kilo Iliyozidi

Baiskeli ilikuwa inaning'inia kwenye mizani ya pamba, na mshale umegoma palepale. Kilo nane na nusu. Davis aliigonga mizani kwa kiganja, akaishusha baiskeli, akaitundika upya. Nane na nusu ileile.

Vijana wote wa mbio za baiskeli wa Kharumwa walikuwa wamejaa ghalani, na aliyewaita ni yeye mwenyewe. Mwezi mzima aliwachosha masikio kwa habari za fremu yake ya kaboni kutoka China. Haikuwa na jina la maana, bei yake hata kibarua wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kama yeye aliimudu, lakini mirija yake ilikuwa bapa ili ikate upepo. Alijitapa kwamba ikikamilika haitafika kilo nane, asiyeamini aje na macho yake. Basi wakaja na macho yao.

"Davis, huu si mkokoteni huu?" Abel aliuliza, na ghala zima likaangua kicheko.

Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ilipokataa kupasuka, akatafuta mtu wa kumtwisha aibu yake.

Mtu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi. Huyu ni Nestory, fundi baiskeli wa pale sokoni, ambaye wengi walimwita Baba Loveness. Alikuwa rafiki wa marehemu Ngusa, baba yake Davis, na ndiye aliyemshikia Davis kiti siku za kujifunza kuendesha. Fremu hiyo aliiunga yeye, kuanzia rimu hadi gia, na baiskeli akaikabidhi jana yake jioni.

Jioni hiyo, loh, Davis alikuwa mtu mwenye furaha. Nyumbani alimpa mama yake, Mbuke, ainyanyue kwa mkono mmoja. Alimwonyesha kuwa spana moja ndogo inafungua kila kitu, kiti kikachomoka na nguzo yake kikarudi, kazi ambayo hata mtoto angeiweza. Mama hakucheka. Alitaka kujua kama kitu chepesi namna ile kinaweza kweli kumrudisha mtu nyumbani. Ile baiskeli nyeusi ya marehemu, ambayo sasa imebaki vyuma vyuma nyuma ya nyumba, ilimrudisha miaka yote, hata na gunia la pamba mgongoni. Davis alimtania kuwa mambo ya zamani yamepitwa na wakati. Alfajiri mama akapanda basi kwenda Mwadui, kwa binti yake Salome aliyekuwa amejifungua.

Sasa, mbele ya ghala lililojaa watu, Davis alimnyooshea kidole mtu mzima.

"Fremu yangu umeipeleka wapi, Baba Loveness? Hii umenibadilishia."

Nestory alidhani ni utani. Alipoona si utani, akasogea taratibu. Alisema jana waliinyanyua wote wawili pale kibandani na ilikuwa nyepesi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe spana, mwanangu. Nifungue kiti tu, tutazame ndani."

Kiti chenyewe kilikuwa kimeshuka kidogo. Davis alikiona asubuhi, akakipandisha na kukaza bila kuwaza. Sasa akawatangazia watu kwamba hata kukaza kiti fundi huyu hawezi.

"Usiiguse tena," alisema. "Mwizi wewe."

Neno likawa limeshatoka. Hata Abel aliacha kucheka. Nestory aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali, akatoka. Davis angeweza kumkimbilia; mlango ulikuwa hatua chache tu. Hakumkimbilia.

Kharumwa si mji wa kuficha jambo. Watu walianza kuchukua baiskeli zao kibandani, mmoja kwa kisingizio hiki, mwingine kwa kile. Kabla ya siku ya mbio, Nestory alikuwa amepiga kufuli na kuhamia Masumbwe, kuanza upya asikojulikana. Davis alikutana na mke wa fundi kwenye mashine ya kusaga, akamwamkia. Mama Loveness aliitikia marahaba huku akitazama unga. Usiku ule Davis alishika simu, akaitafuta namba ya fundi, akairudisha simu mfukoni. Angesema nini? Alijiambia mwizi ni mwizi, ila ndani ya kifua aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Siku ya mbio Abel alimpita kwenye mlima wa mwisho kwa urefu wa gurudumu. Watu walimpa pole, wakasema nusu kilo ya Nestory ndiyo iliyomwangusha. Kila walipolitaja jina hilo Davis aliinamisha kichwa.

Mama yake alikuwa ameteremka kwenye basi la Mwadui asubuhi hiyohiyo, akaja mpaka pale mbio zilipoishia. Alimpapasa mwanawe mikono na magoti, akamshukuru Mungu kwamba hana hata mchubuko. Kisha akaulizia fundi. Alimletea mkewe kitenge cha shukrani, lakini kibandani amekuta kufuli.

"Amehamia Masumbwe, mayu," Davis alisema, kwa jina alilomwita mama yake tangu utotoni.

"Kuna nini huko?"

"Kazi." Alikuwa anatazama tairi.

Mama alisikitika kidogo, kisha akakipigapiga kiti cha baiskeli kama mtu anayempongeza mtoto.

"Haya, fungua hapa unitolee ekseli za baiskeli ya baba yako. Nilizifunga kwenye kipande cha khanga nikazitumbukiza humo alfajiri ile nilipoondoka, usije ukapeperushwa na upepo."