Chanuo la Mama

Mishi alikuwa anafunga begi. Mama yao alikuwa mahututi huko kwao, na Mishi ndiye mwenye karatasi za kusafiria. Za dada yake Biasha zilikuwa bado mezani kwa maafisa wa uhamiaji. Biasha akitoka nchini tu, ombi lake la ukaazi linafutwa.

“Dada, nikifika nitamsuka vipi? Mama hakubali mkono mwingine ila wako.”

Biasha akamkalisha mkekani, akamsuka mistari ile ile anayomsuka mama ili ajifunze, akivuta mpaka Mishi akatokwa na machozi.

“Waniumiza!”

“Mama hajalalamika hata siku moja.”

Teksi ikapiga honi. Mishi akajitanda, akanyoosha mkono. “Basi nipe lile chanuo alilokupa mama.”

“Sijui nimeliweka wapi,” alisema Biasha, na ndani ya kanga yake meno ya chanuo yakazidi kumzama kiganjani.