Tangazo Lililolipiwa

Kwenye kile kituo cha redio, hela ya tangazo haikuwa mapato mpaka tangazo lisomwe hewani. Aliyelipa mapema, Asnati mhasibu alimwekea hela yake kando kama amana, akawa anaihamishia kwenye mapato kidogo kidogo, kila tangazo lilipokwisha kusomwa.

Mama Yeremia alikuwa amelipia matangazo ya wiki nzima ya kumtafuta mwanawe.

“Pole, mama. Nimesikia mmemzika jana,” Asnati alisema, akifungua kisanduku. “Hatutasoma tena. Hii iliyobaki ni yako.”

Mama hakunyoosha mkono. “Nyie someni.”

“Tusomeje, mama, na ameshapatikana?”

“Nililipa asomwe, mwanangu.”

Asnati akafunga kisanduku na kumpelekea mtangazaji karatasi ya tangazo. Haukupita muda, redio ndogo ya mezani ikaanza kusema: Yeremia, kijana mrefu, shati la buluu, ametoka nyumbani Jumapili na hajarudi, yeyote atakayemwona...

Asnati alishika kalamu ahamishe hela, asiweze. Mama Yeremia alikuwa ameugeukia mlango, kama anayemngoja mtu aingie.